Mama Nukta na Geti la Gazeti

Mara ya kwanza niliingia kwa Mama Nukta kutoa nakala ya leseni, nikatoka nimeshindwa mabishano. Nilimwambia bei yake iko juu kuliko ya jirani. Akaniambia niende kwa jirani. Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kuinua macho, kwamba leseni yangu imekosewa tarehe, na kwa jirani sitaambiwa hilo kwa sababu jirani hasomi anachokitolea nakala. Nikarudi. Nimenunua na kuuza miaka ishirini na moja. Mtu anayejua bei ya alichonacho namtambua kwa sauti.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maofisi: kompyuta tatu, mashine ya nakala ambayo mfuniko wake ulishikiliwa na utepe wa gundi, na feni iliyogoma kugeuka kushoto. Jina alipewa na wenzake gazetini. Miaka kumi na sita alikuwa msahihishaji pale, akisoma kila ukurasa kabla haujaenda mtamboni, na hakuna mwandishi aliyewahi kumpitishia hata nukta isiyo mahali pake. Gazeti lilipohamia mtandaoni, mhariri alimwomba amfundishe mgeni mmoja kazi kwa miezi miwili, "ili msaidiane." Mwezi wa tatu mgeni akabaki na kiti, yeye akabaki na barua ya shukrani.

Mimi nanunua mitambo ya kampuni zinazofunga milango: jenereta, mashine za kukoboa, makabati ya chuma. Matangazo ya mali hizo hutoka katika gazeti lile lile. Kwenye tovuti yao unasoma matangazo matano bure kwa mwezi; la sita linafunikwa na pazia jeupe lenye maneno matamu ya kukutaka ulipie. Tarehe tatu mimi nilikuwa nimeshamaliza yangu. Nilipomlalamikia Mama Nukta, alicheka.

"Kaka, ukiingia pale mlinzi anakupa kikadi," alisema. "Kila ukisoma anakitoboa. Matundu yakifika matano anakufungia geti. Lakini kikadi chenyewe anakiweka kwenye mfuko wako. Sasa mtu akikuwekea ushahidi wako mfukoni, wewe unautunzia nini?"

Akafungua mipangilio ya kivinjari, akatafuta palipoandikwa vidakuzi, ambavyo ndivyo hivyo vikadi, akafuta vyote. Tovuti ikatukaribisha kama wageni ambao hawajawahi kukanyaga pale. Nilimuuliza kama dhamiri haimsumbui. Akasema gazeti wanaweza kuita wizi. Yeye anaita kiinua mgongo.

Tukapatana. Mimi ningempa meza na viti kutoka kwenye mizigo yangu, maana mkono mtupu haulambwi. Yeye angenisomea matangazo ya mitambo kila siku, na asimwonyeshe mtu mwingine kabla ya saa sita. Aliniambia matangazo hutoka saa tatu asubuhi. Basi saa tatu kila siku nilikuwa nimeketi ubavuni kwake.

Niseme kweli thamani yake. Mimi niliona "mashine arobaini", yeye aliona, kwa herufi za chini kabisa, "bila mota." Mimi niliona jenereta ya bei ya kutupa, yeye aliona kwamba mnunuzi ndiye atakayebomoa ukuta kuitoa, na ndiye atakayeujenga. Miaka miwili nilipata faida ambayo watu wa sokoni waliiita bahati, nami nikawaachia waiite hivyo.

Mara tatu aliniomba nimwingize kwenye mzigo mmoja, alikuwa na akiba kidogo. Mara ya kwanza nilimwambia tutaangalia. Ya pili nikamwambia minada ina makelele, hataiweza. Ya tatu nilicheka. "Dada, wewe soma, mimi ninunue. Kila ndege huruka kwa ubawa wake." Hakujibu, akaendelea kulinganisha karatasi. Nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Mnunuzi akininyamazia hivyo sokoni, huwa najua anaondoka.

Baada ya hapo nikaanza kuchelewa. Kila nilikofika kukagua mali, nilimkuta Kinyozi anatoka. Huyu alianza maisha kwa kunyoa vichwa, akahamia kunyoa faida za wenzake. Mzigo mmoja nikaukosa, wa pili nikaukosa. Nikailaumu foleni ya barabarani.

Kisha likatoka tangazo la kiwanda cha nguo kilichofungwa: vyerehani sitini vya umeme. Nilikuwa nimeshawaahidi mafundi wa mtaa mzima kwamba vikitokea tu, watanunua kwangu, na jina langu sokoni lilikaa juu ya ahadi ile. Mwenye mali alitaka kukabidhi jengo haraka. Wa kwanza kufika na bei ya maana ndiye angepewa. Nilitoka kwa Mama Nukta saa tatu na robo nikakimbia kama mtu aliyeibiwa. Nilimkuta Kinyozi ameshatia sahihi, anafunika kalamu.

Kesho yake ilikuwa tarehe mosi. Niliwahi, saa mbili kasoro. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Mlinzi wa jengo alisema ameenda kuchota maji. Nikakaa kwenye kompyuta yake, nikafungua gazeti mwenyewe.

"Umemaliza matangazo yako matano ya bure ya mwezi huu."

Mwezi ulikuwa na saa nane tu tangu uzaliwe. Chini yake palikuwa na orodha ya yaliyosomwa: matano, yote ya mitambo, yote ya siku ile. La kwanza lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa na ratiba, kama wasahihishaji wote: kila siku alisafisha vidakuzi robo saa kabla ya saa tatu, saa yangu ya kufika. Hakunitarajia saa mbili.

Aliingia na ndoo. Akatazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama.

"Umewahi leo, kaka."

"Kuna aliyeniwahi. Ni nani?"

"Kinyozi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipocheka."

Nikamwambia nilimwamini. Nikamwonyesha meza, viti. Akatua ndoo chini taratibu.

"Tusidanganyane. Kila asubuhi mimi na wewe tulikuwa tunaingia kwa watu kwa mlango wa nyuma. Wewe ulitaka mwizi mwaminifu. Mwenzako aliniambia njoo nusu kwa nusu. Vyerehani vya jana, thelathini ni vyangu."

"Na hiyo saa tatu?"

"Hiyo ni uongo wa siku ya kwanza. Nilitaka nisome kwanza peke yangu, nijue thamani ya ninachokupa."

Hapo ndipo paliponichoma kuliko vyerehani. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo; nilichokosa ni kumdhania kuwa ana akili kama yangu.

Mchana nilirudi na mkokoteni nikachukua vitu vyangu. Alinisaidia kufungua skrubu za meza, akaniokotea moja niliyoisahau. Hatukuagana.

Mafundi walinunua vyerehani kwa Mama Nukta, kwa bei iliyozidi ile ambayo ningewapa mimi, na hawakunung'unika, kwa sababu alimwonyesha kila mmoja kasoro ya chombo chake kabla ya kupokea hela. Siku hizi wakinipita wananisalimia kwa adabu, kama mtu asiyewahusu. Kinyozi, nasikia, hatii sahihi popote kabla mama huyo hajasoma.

Mimi nililipia gazeti mwaka mzima. Geti lipo wazi, nasoma nitakavyo tangu saa kumi na mbili. Mwezi wa pili nilinunua mashine kumi na mbili za kuchomelea, rahisi mno. Mstari wa mwisho wa tangazo ulisema zimeungua ndani. Niliusoma baada ya kulipa, nikaziuza kwa kilo.