Mgonga Mihuri wa Dirisha la Tatu

"Wino wangu utashikaje juu ya plastiki, bibi?" alifoka mgonga mihuri. "Mnavifunika vyeti kama makochi ya wageni!" Samiha naye hakumwachia. "Cheti cha binti yetu, marehemu mume wangu ndiye aliyekifunika, kwa fahari. Nenda kagombane naye makaburini!" Bila muhuri ule binti yake asingepokelewa kazi ya uuguzi Kuwait, na ndege ilikuwa kesho.

Siku hizo pale Kairo hati za kwenda nje hazikuthibitishwa na mashine. Zilikuwa mikononi mwa mtu yule wa vidole vya zambarau, aliyeupulizia kila muhuri na kupiga bismillahi kama mchinja kuku. Samiha anamkumbuka mpaka leo. Huku akinung'unika, mgonga mihuri aliweka gilasi ya chai ya moto juu ya cheti mpaka plastiki ikalegea, akaichana ukingoni kwa wembe, akaimenya taratibu, amebana pumzi. Jina la binti likatoka zima, wala herufi moja haikuchubuka. Akapuliza, akagonga. Samiha, aliyekuwa akimporomoshea matusi tangu asubuhi, akaanza kumwomba radhi. "Matusi ya mama mwenye mwana safarini hatuyahesabu, hajati," akamwambia. "Anayefuata!"