Achari Ndani ya Sufuria ya Stenlesi

Mama aliponiambia achari haitaki chuma, nilimcheka. Chupa yake kubwa ya kioo ilikuwa imepasuka, na mimi nilikuwa nimetoka Tabora mjini na sufuria mpya ya stenlesi, nimeipakata kwenye bodaboda mpaka kwetu Kwihara.

"Mama, hii haishiki kutu. Ndiyo maana wanaiuza ghali."

Ugonjwa ulikuwa umemmaliza nguvu za kubishana, na mimi ubishi nimezaliwa nao.

Siku zile alikuwa hali kitu. Wali ulimpita kooni ukiwa na achari tu, na sokoni zilibaki embe za mwisho za msimu. Nilizikatakata, nikatia chumvi nyingi, siki na pilipili, nikaifunika sufuria na kuipandisha juu ya bati ipigwe jua, kama yeye alivyofanya miaka yote na chupa yake. Mchana bati lile halishikiki. Asubuhi naipandisha, jioni naishusha, najiona binti wa maana.

Siku ya nane nikaanza kumpakulia. Alikula, akasema tamu. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nikatamba kwa majirani.

Siku iliyofuata nililamba kijiko mwenyewe. Ilikuwa kama kunyonya msumari. Nikamwaga yote, nikaona chini ya sufuria vitundu vidogo kama vya sindano, kila kimoja na doa lake la kahawia. Nikaibeba mbiombio hadi kwa fundi wa kuchomelea, nikimlaani muuzaji njia nzima.

Nilipomweleza nilivyoitumia, fundi akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Dada, stenlesi ina ngozi nyembamba inayoikinga. Siki peke yake ingeistahimili. Lakini umeiwekea siki na chumvi pamoja, ukaichemsha na jua siku nane. Ngozi imetoboka. Muuzaji hana kosa."

Hasira ikakosa pa kwenda, ikanirudia mwenyewe. Nikamkuta mama ameketi kitandani.

"Mama, mbona hukuniambia ina ladha ya chuma?"

"Ulikuwa umefurahi, mwanangu."

Nilizunguka soko zima, embe hakuna. Jioni nikampa wali mtupu. Alitafuna vijiko viwili, akageukia ukutani.

Embe zilipotoka tena nilinunua chupa ya kioo. Achari ilitoka nzuri kabisa, na sikuwa na wa kumpakulia.