Wimbo Mmoja wa Muheme

Mwaka ule Wajerumani walipofikisha reli Dodoma, punda alinipiga teke la tumbo nilipokuwa nikimpakia unga wa kupeleka kambi ya vibarua. Mume wangu alisema nimechubuka tu. Aliyajua sana matumbo ya watu, yeye ambaye mafua humlaza siku tatu.

Kilichoniuma zaidi ni muheme, ngoma yetu wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga umesimama, na kazi yote ni ya tumbo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza. Baada ya mavuno binti yangu angetolewa mwali, na nilikuwa nimemwahidi kumpigia mwenyewe. Sasa ngoma alikuwa nayo wifi yangu, ambaye hupiga kama anafukuza ndege shambani.

Mkunga aliyenitibu alinikataza kuigusa mpaka aseme yeye. Wiki ya tatu nikajifanya mjuzi. Niliichukua ngoma kwa wifi, nikaibana, nikapiga mara nne, tumbo likatuna katikati kama yai. Mjinga mkubwa mimi! Mkunga hakunionea huruma hata kidogo.

"Haya, shujaa," alisema, "rudi chini."

Nikaanza upya. Nilale chali juu ya ngozi, nivute pumzi, niitoe polepole tumbo likiingia. Nitelezeshe kisigino kimoja, kisha kingine. Baada ya wiki kadhaa, nibane kibuyu kitupu katikati ya magoti, baadaye chenye mchanga kidogo. Kila mara alinikohoza, kiganja chake tumboni. Likituna, narudishwa nyuma.

Wifi alipita akacheka. "Unaatamia kibuyu, wifi?"

Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Siku ya mwali mkunga alinikohoza mbele ya watu. "Wimbo mmoja," akasema. "Ukipiga wa pili, usinitafute."

Nilipiga huo mmoja. Binti yangu alitoka akinitazama mimi, akacheza nami mpaka mwisho. Vigelegele vikapigwa, wanawake wakataka wa pili, na mume wangu, yule bingwa wa matumbo, akapaza sauti: "Kaza tu!"

Nilitamani sana kuendelea. Nikaichomoa ngoma mapajani, nikamkabidhi wifi, naye akarudia kufukuza ndege wake. Nikaketi, nikaweka mkono tumboni, nikakohoa. Lilikuwa limetulia, halikutuna. Nikalia palepale, mimi niliyewadharau wote, mume, wifi na hata mkunga.