Nikinyoa kichwa, dada yangu atasema nimemzika angali hai

Nina miaka ishirini na tatu, sijaolewa, ninafundisha shule ya msingi hapa Goma. Tunakaa mtaa wa Katoyi, mimi na yaya, dada yangu mkubwa. Ninaomba ukurasa huu ufiche jina langu vizuri. Yaya hajui kusoma, lakini visa vyenu anavijua kuliko sisi tuliosoma. Anasuka nywele sokoni, na wateja humsomea kwa sauti wakiwa wameketi kwenye mkeka. Shauri lake hutoka kabla kisa hakijaisha, na mara nyingi ni la huruma.

Tulitoka milima ya Masisi nikiwa mtoto, baada ya mama kufa. Nakumbuka yaya alivyoninyoa kwa wembe, kiganja chake kimeshika paji langu nisitikisike. Kisha akanipa wembe huohuo nimnyoe yeye. Kwetu mwanamke hanyoi kichwa bure. Ananyoa akizika mzazi au mume. Tangu siku ile yaya ndiye mama yangu. Hakuolewa. Alisuka vichwa vya watu mpaka nikapata diploma, na akiulizwa ana watoto wangapi anajibu, "Niko na mumoja, njo ule mwalimu."

Zamani alisuka kwa uzi mweusi na sikuwa na shida yoyote. Kisha zikaja meshi, zile nywele za plastiki zinazovushwa mpakani, na sasa hakuna msichana wa mjini anayetaka uzi. Meza ya yaya pale sokoni iliinuka kwa sababu ya meshi. Na mimi ndiye kibao chake: kila mtindo mpya huanzia kichwani mwangu, kisha Jumamosi ananiketisha mbele ya meza wapita njia wauone.

Mara ya kwanza niliwashwa jioni ileile, nikadhani amezivuta nywele sana. Mara ya pili yakatoka malengelenge nyuma ya masikio. Safari hii ya mwisho uso ulivimba, jicho la kushoto likafunga, na maji ya manjano yakashuka shingoni yakigandisha nywele. Tulizifua meshi kwa sabuni. Tulizichovya katika maji ya moto. Tulijaribu mafuta ya ng'ombe. Yaya alikuwa ananipuliza kichwani huku anasuka, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. "Vumilia. Hata kiatu kipya kinaumaka, kiisha kinazoea mguu." Mteja mmoja akasema, "Angalieni mwalimu, analia sawa mutoto wa première." Wakacheka kwa kunifananisha na mtoto wa darasa la kwanza. Nami nikacheka pamoja nao. Kuwashwa nimekuzoea, kucheka ndiko kunakonichosha.

Shuleni nilikuwa nafunga kitambaa. Siku moja mkurugenzi aliniita pembeni. "Citoyenne, unisamehe. Watoto wanasema kitambaa chako iko na harufu." Aliongea taratibu, akitazama viatu vyake. Nilimaliza somo la hesabu, nikaenda moja kwa moja dispensari.

Muuguzi, mama mtu mzima, alifungua kitambaa akageuza kichwa changu kwenye mwanga.

"Nani alikutia hii?"

"Yaya wangu."

"Basi umwambie aache. Kuna watu wanavaa hii plastiki, hakuna neno. Weye, damu yako inaikataa, na kila mara itazidi. Tutanyoa yote, nipake dawa kwa ngozi. Na meshi, kwisha."

Nilimwomba anipe siku chache. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasioleta devoir za nyumbani.

Nyumbani nilimkuta yaya anachambua maharagi. Nikamweleza kila kitu, hata ile ya damu. Akainua mikono yake.

"Damu yako na yangu si ya mama mumoja? Mikono hii inashika meshi asubuhi mpaka magaribi. Iko wapi kidonda?"

"Yaya, watu hawafanani."

"Haya. Ukinyoa, unamunyolea nani? Mama alishakufa. Nilibakia mimi."

Hakupaza sauti. Alirudi kwenye maharagi, akatoa jiwe moja, akalitupa mlangoni. Kisha akasema, "Na watu wa soko wakiuliza nini ilikukuta, utawaambia ni yaya yako?"

Nikachuchumaa, nikamsaidia kuchambua. Nimesoma, ninajua wembe hauui mtu asiyeguswa nao. Lakini nikifumba macho nahisi kile kiganja kwenye paji langu. Na kuhusu soko hakukosea: nani ataketi kwenye mkeka wa msusi ambaye dada yake mwenyewe ametoka mikononi mwake na vidonda, kichwa kitupu?

Jumamosi hii bibi-arusi mmoja na wenzake watakuja kuchagua mtindo. Yaya ameshanunua meshi mpya, za rangi ya kahawia, zinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu. Anangoja niketi mwenyewe. Jicho langu bado halijafunguka sawasawa, na muuguzi anangoja upande wake.

Wasomaji, niambieni: niketi tena kwenye ule mkeka, au nimfuate muuguzi na wembe wake? Mimi kupima huku na huku nimechoka.

Na kama wewe unayesoma haya kichwa chako kiko sasa hivi katikati ya magoti ya yaya, naye anasema "endelea," tafadhali ruka, umsomee kisa cha mtu mwingine. Au hapana, msomee. Labda akikisikia kwa sauti ya mgeni, kama shida ya mtoto wa watu, atasema kabla hujafika mwisho, kama kawaida yake: "Huyu mutoto wamunyoe tu, apone."