Bonde la Mpunga Lililopandwa Miwa

Hadi leo nikinusa muwa uliochacha, huziba pua nikaondoka. Watoto wangu huniona mwendawazimu.

Kwetu upande wa Ruangwa shamba lilifuata ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake alikuwa kaka wa mama. Mama yangu alikuwa mjane. Bonde dogo la mpunga ndilo lililotuvusha masika, mimi na yeye. Basi zikaja kambi za Wazungu waliolima karanga kule Nachingwea, na vibarua wakawa wananunua miwa kila wapatapo mshahara. Mjomba alikuwa na baiskeli. Akaja, akala wali wetu akashiba, ndipo akasema, "Dada, mwaka huu hakuna mpunga. Tunapanda miwa. Fuata nyuki ule asali."

Mama akamwomba amwachie hata nusu. "Kaka, muwa hauwekwi ghalani."

"Nusu nusu ndiyo umaskini wenyewe," akajibu, huku akichokoa meno. Shamba lake la mtama hakuligusa, mlafi yule.

Mpunga ungetulisha baada ya miezi michache. Muwa ulitaka mwaka na zaidi, na palizi yote ilikuwa ya mama. Tulipofika kukata, kila bonde lilikuwa na miwa, kila mwenye baiskeli mchuuzi, na kambini mradi wa karanga ulikuwa umevunjika, watu wakifunga mizigo warudi kwao. Mjomba alipeleka tita moja, akarudi nalo, akalibwaga uani kwetu akaenda zake. Likachacha pale pale, inzi wakajaa hadi kwenye vyombo. Miwa ya bondeni ilisimama mpaka ikatoa maua na kukauka ndani. Masika yale tulichimba ming'oko, viazi vya mwitu, porini. Mama alinipa mikubwa, akasema ameshiba. Alikuwa akidanganya, mbavu zake nilikuwa naziona.

Mvua zilizofuata aling'oa visiki vya miwa peke yake, maana ukiviacha vinachipua tena. Akapanda mpunga. Siku ya kuvuna mjomba akatokea na kapu. Hakusema pole. Alisema, "Bonde la ukoo limejibu."

Mama, viganja vimepasuka kwa jembe, akamjazia kapu mpaka juu. Akampa kwa mikono miwili, akipiga goti.

Mjomba nilikuwa nimeshamchoka zamani. Siku ile, Mungu anisamehe, nilimchukia mama.