Dada wa Tairi

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba yule mwanamke aliyetupigia simu madereva wa teksi kututangazia tairi alikuwa ameketi ghorofani huko Bondeni, akipima nani ana adabu. Atakayeitika salamu zake vizuri hadi mwisho atafungiwa tairi nne, bure. Habari hizo nililetewa na mwenzangu wa kituoni, na mimi niliyemaliza masomo ya usiku nikawa wa kwanza Kenya nzima katika mtihani wa kisomo, nikazimeza.

Simu za mkononi zilikuwa bado ngeni. Tairi zangu nazo zilikuwa na upara wa kujitazamia ukanyoa ndevu. Bibi mmoja wa mtaa wa Kuze, niliyempeleka kliniki ya sukari kila wiki, ndiye aliyekuwa riziki yangu ya uhakika, naye alikwisha kuniambia, "Mwanangu, badilisha tairi hizi, au nitatafuta gari jingine."

Siku ya kliniki, nikimngoja anipigie, simu ikalia.

"Salaam aleikum, ndugu dereva." Kisha kimya, kama mtu anayengoja.

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu! Hujambo? Wazee hawajambo?"

"Tairi zako zi hali gani?"

"Mbaya, dada, mbaya!"

Wenzangu walikuwa wameegemea magari yao. "Ongeza adabu, bwana! Muulize na shangazi yake!"

Nikamuuliza. Nikauliza ukoo mzima, walio hai na waliokufa. Ukaja muziki, nami nikashikilia simu sikioni, nikidhani ameenda kuniitia fundi. Walicheka hata wakashika mbavu. Mimi nikawaona wana wivu.

Nilipokata nikakimbilia kwake Kuze, nilimkuta bibi barabarani, jua la utosi, tayari yumo ndani ya gari la mwingine. Dereva wake ni yule yule aliyeniletea habari za ghorofani. Hakunitazama. Ndiye anayempeleka kliniki tangu siku hiyo, na salamu yake mpaka leo huniwia shubiri.

Niliinama dirishani.

"Nimekupigia mpaka kidole kimechoka," bibi akasema. "Simu yatumika tu. Ulikuwa ukizungumza na nani?"

"Na dada wa tairi, Bibi. Tulikuwa tumefika pazuri."

Hakucheka.

"Mwanangu, ile ni sauti ya kanda. Hunipigia hata mimi, na gari sina. Haimsikii mtu."