Kata ya Kibuyu Iliyokwenda kwa Jirani

Mwezi uliopita, ofisini kwetu hapa Dodoma, tuliletewa mtaalamu wa kutufundisha kutuliza akili. Tulikaa ukumbini kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, kila mmoja na chupa yake ya maji na daftari jipya. Akawasha mashine yake, na ukutani ikatokea kanuni ya kwanza: kabla hujaanza jambo lolote, kaa kwanza mpaka pumzi yako itulie. Wenzangu wakainamia madaftari. Mimi niliweka kalamu chini, maana wivu ulikuwa umenishika.

Nikwambie mapema, rafiki yangu, tusije tukasumbuana huko mbele: mimi ni mtu wa wivu. Nimekua nao, nimesoma nao, nimepanda nao vyeo. Lakini siku ile sikumwonea mtaalamu wivu wa suti yake wala wa posho atakayoondoka nayo. Maneno yale yalikuwa ya bibi yangu. Bibi hakuwahi kuingia ukumbi wenye kiyoyozi, wala hakuna aliyewahi kumpigia makofi, na huyu kijana anayatamka kana kwamba ameyaokota juzi. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi nikaenda kijijini.

Bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea, katika kijiji kimoja upande wa Mvumi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, na juu ya paa lake la udongo, mvua zikishaisha, tulianika majani ya mlenda mpaka yakauke. Asubuhi niliamshwa na mchi kwenye kinu. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, moto wa kuni ukitutoa machozi, na bibi akila polepole kiasi kwamba mimi nilikuwa nimeshalamba vidole yeye bado yuko kwenye tonge la tatu. Nilikuwa na haraka kwa kila kitu, hata kwa usingizi.

Ilikuwa miaka ile watu waliyoiita ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake, nakumbuka, mche wa sabuni ulikuwa habari ya kijiji kizima. Halafu ghafla vitu vikaja. Yakaja mafuta ya kujipaka yenye harufu ya matunda, zikaja raba, yakaja magauni ya mitumba yenye vifungo vya rangi ambazo hatukuwa na majina yake. Baba wa nyumba ya pili alikuwa mkulima wa karanga kama wengine, lakini alianza kwenda mjini kwa baiskeli kununua mitumba na kuiuza mnadani. Miezi michache tu, nyumba yao ikawa na redio ya kaseti, na binti yake, aliyekuwa rika langu na darasa langu, akawa na gauni la waridi na dumu la njano lenye mfuniko.

Dumu lile liliniumiza kuliko gauni. Mimi nilichotea maji debe la bati lililotoboka, tukaliziba kwa kipande cha sabuni. Lilinivujia mgongoni njia nzima, nikifika nyumbani nimelowa na debe limepungua. Yeye anatembea nyuma yangu na dumu lake limefungwa, mkavu, anaimba nyimbo za redioni. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba yeye hakunichukia. Mara mbili alitaka tubadilishane vyombo, nikamwambia sitaki.

Maji yenyewe tuliyapata korongoni. Wewe uliyekulia penye bomba nikueleze kidogo. Korongo letu lilipitisha maji wiki chache tu za mvua, kisha likabaki mchanga mtupu, mweupe, mpana. Lakini maji yalikuwa chini. Kila nyumba ilichimba kisima chake mchangani, shimo la kina cha mkono au zaidi, na maji yalijikusanya chini taratibu. Ukiyachota kwa kata, kwa kuilaza ubavu na kuinua pole, unapata maji meupe ya kunywa. Ukiingiza debe kwa pupa, kuta zinabomoka, unabaki na tope, na inakubidi uanze upya. Ukimaliza unafunika shimo kwa matawi ya miiba ya mgunga, kwa sababu ng'ombe wakirudi malishoni na kiu hawaulizi kisima ni cha nani.

Bibi alikuwa na taratibu zake za pale kisimani. Ukifika, unakaa kwanza. Huchoti ukiwa unahema, alisema maji yanakujua. Kata ya kwanza hunywi wala hutii chomboni. Unaimwaga kwenye kijishimo pembeni, wanywe ndege. Wakati unangoja, unaangalia kisima chako. "Macho yako yako wapi?" aliniuliza kila siku, maana macho yangu yalikuwa kwenye dumu la njano. Ukimaliza, unafunika vizuri hata kama umechoka, kwa sababu anayefuata huenda ukawa wewe mwenyewe. Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo. Mtaalamu wetu alikuwa na kanuni saba, na kwa kuwa niliketi mpaka mwisho naweza kusema kwamba nne zilitosha.

Sasa, kwetu kulikuwa na desturi. Kila bibi alikuwa na kata yake ya kibuyu, yenye mkono mrefu, iliyogeuka nyeusi kwa kushikwa miaka mingi. Kata ya bibi yangu aliipokea kwa bibi yake. Haikurithiwa kwa msiba. Ilitolewa bibi akiwa hai, siku msichana alipoleta nyumbani maji yasiyo na chembe ya mchanga, bila kusimamiwa, siku saba mfululizo. Mimi nilikuwa mjukuu pekee. Kwa hesabu zangu kata ilikuwa yangu, siku zilikuwa zinachelewa tu. Niliwahi kufika siku ya nne. Ya tano nilimwona binti wa jirani anakuja na dumu lake, nikaharakisha nimtangulie, nikarudi na tope.

Kiangazi cha darasa la tano, mama wa jirani alijifungua mtoto wa kiume. Kazi yote ya maji ikamwangukia binti. Alikuwa akichota kwa kopo la mafuta ya kupikia, na kopo lina makali, linakwangua kuta za kisima. Jioni moja bibi alituita sote wawili, mimi na yeye, akatukalisha mlangoni. Alikuwa na kata mkononi. Nilifuta viganja vyangu kwenye sketi ili niipokee vizuri.

"Huyu ameleta maji meupe siku kumi na moja, nimekuwa nikiangalia," bibi alisema. Akampa yeye.

"Bibi, mimi ndiye mjukuu wako," nikasema.

"Najua wewe ni nani," akajibu. "Kata ni ya anayeweza kungoja."

Binti wa jirani aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Hakunitazama kwa majivuno. Laiti angenitazama kwa majivuno, ningekuwa na cha kushika.

Kesho yake mchana, jua likiwa utosini na watu wamejipumzisha, nilishuka korongoni peke yangu. Nilikwenda kwenye kisima chao, nikatoa miiba yote, tawi moja moja, nikaitupa mbali. Mikono ilitoka damu, nami sikusikia maumivu. Alasiri ng'ombe walirudi. Niliwaona nikiwa juu ya paa nageuza mlenda: vumbi, kengele, kisha kundi zima limejazana pale pale. Walipoondoka hapakuwa na kisima, palikuwa na kinyesi na alama za kwato.

Nilidhani nitafurahi. Kilichotokea ni kwamba nilimsikia mtoto mchanga wa jirani analia, na mama yake anaita binti yake alete maji ya kumwogeshea, na binti anajibu kutoka mbali kwamba hayapo. Mama aliita mara tatu. Nilijifunika kanga masikioni, nikiwa juu ya paa, kwenye jua lile.

Kabla ya chakula cha jioni bibi alinishika mkono akaugeuza kiganja juu. Ndani ya nyama ya kidole gumba kulikuwa na mwiba umevunjikia humo.

"Umechomwa na nini?"

"Kuni, bibi."

Akaleta sindano. Akakaa, kama alivyokaa kisimani, mpaka mkono wake umetulia. Kisha akautoa mwiba ule taratibu, akauweka kwenye kiganja chake, akautazama. Mwiba wa mgunga ni mrefu na mweupe, hata mtoto anaujua, na kuni zetu msimu ule zilikuwa za mabua ya uwele. Nilingoja kofi. Bibi aliutupa mwiba motoni na kuniambia kwamba kuanzia kesho maji ya kisima chetu yatakwenda kwanza kwa mzazi, na mimi ndiye nitakayeyapeleka. Kisha alijifunga kanga yake akatoka, akasema anakwenda kumwangalia mtoto mchanga.

Nilipeleka maji wiki mbili, mpaka binti wa jirani alipomaliza kuchimba kisima kingine. Kila asubuhi alinipokea mlangoni na kuniambia, "Asante, ndugu yangu." Kila asubuhi nilitaka kumwambia, na kila asubuhi niligeuka na debe langu. Bibi alikuwa akinitazama nikirudi, kisha anaangalia kando. Nilijiambia hajui.

Miaka ikapita kwa fujo zake. Nilifaulu, nikaenda bweni, nikaenda chuo, nikapata kazi ya serikali. Binti wa jirani alibaki, akaolewa hapo hapo. Likizo nikienda namkuta kwetu, amekaa na bibi wanachambua mlenda, wananyamaza nikiingia. Ukimya ule ulinichoma. Nilileta sukari, nilileta vitenge, nilimletea bibi dumu la njano, kubwa kuliko lile, na bibi akashukuru akalitia mtama. Alipougua mara ya mwisho nilikuwa kwenye mafunzo Dar es Salaam. Maji yake ya mwisho aliyanywea kwenye kata ile, mkononi mwa mtu mwingine.

Basi Jumamosi ile nilishuka kijijini, nikapita kwanza korongoni. Rafiki yangu, mchanga haupo. Malori yameuchukua, tripu baada ya tripu, kuja kujenga mji huku. Limebaki shimo la udongo mwekundu lenye vichaka. Nilisimama pale nikakumbuka kwamba nyumba yangu ya Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, niliipiga lipu mwaka juzi, na fundi alinisifia mchanga kwamba ni mzuri, wa korongo. Kijiji sasa kina bomba la chuma karibu na shule. Siku ile halikuwa likitoa maji.

Jirani yangu nilimkuta uani, mwanamke mzima mwenye mvi, anapepeta mtama. Tulisalimiana mbukwa, salamu ya kwetu, akanivutia kigoda. Kata ilikuwa imening'inia kwenye nguzo ya mlango, nyeusi tii. Niliitazama, na wivu ukaja ule ule, mpya kabisa, kama sijawahi kukanyaga ukumbi wa mtaalamu. Kisha, sijui ni mchanga ule uliopotea au ni uzee unanijia, mdomo wangu ukafunguka.

"Ile miiba ya kisima chenu, ule mwaka mama yako alipojifungua," nikasema. "Niliitoa mimi."

Hakuacha kupepeta. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile. Bibi alikuja kwetu, tukadhani kaja kumwona mtoto. Akaniita nje. Akaniambia, aliyetoa miiba ni mjukuu wangu, nakuomba usimuulize. Akasema huyu akichafuka hukawia kutulia, lakini hutulia. Mwache, atasema mwenyewe."

Akaweka ungo chini.

"Kila ukija likizo, ukishaondoka tu, ananiuliza: amesema? Namwambia, bado, bibi. Ananiambia, haya, tungoje."

"Aliuliza mpaka lini?"

"Mpaka wiki ile ya mwisho. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, lakini hilo aliliuliza."

Aliinuka, akaitungua kata, akachota maji kwenye ndoo kwa kuilaza ubavu, taratibu, kama alivyofundishwa. Kata ya kwanza aliwamwagia kuku. Akachota ya pili, akanishikisha, na mimi kwa kiu na kwa aibu nikaipeleka mdomoni mara moja.

"Kaa kwanza," akasema. Ilikuwa sauti ya bibi, hata namna ya kuvuta neno.

Nilikaa. Maji yalikuwa meupe, yamefika ukingoni, yakanidondokea magotini. Nilimwonea wivu kwa kata, na kwa sauti ile, na kwa jioni zote zile wawili hao walizokaa wakinyamaza nikiingia, wakiningoja mimi. Yeye alisubiri mpaka nikasema. Bibi hakunisikia.